Shukrani Si Kura

Oktoba 2024, siku chache kabla sijapanda basi kurudi chuoni, nilisimama chini ya mwembe mbele ya watu wa kitongoji chetu nikasoma risala ambayo siiamini. Risala ilisema vijana wote wa kitongoji tuko nyuma ya mwenyekiti wetu, na tunamwomba agombee tena kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Mwenyekiti huyo ni mjomba wangu. Hakuna kijana hata mmoja aliyenituma. Nilikuwa nyumbani likizo tu, na nilijua, kama walivyojua wote waliokuwa pale, kwamba gati la maji lililo karibu na kwetu lilikuwa halitoi maji mwaka wa pili sasa, na kwamba fedha tulizochanga kaya kwa kaya ili litengenezwe hazijawahi kusomewa mapato na matumizi. Nilijua, na bado nikasoma. Watu wakapiga makofi. Mjomba akafuta machozi.

Kwa asiyepajua kwetu, ni juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Maji huko ni shida ya tangu enzi za mababu. Gati likifa, mama anaamka saa kumi usiku na ndoo. Kwa hiyo sizungumzii jambo dogo.

Kwa nini nilisoma? Kwa sababu ya pikipiki. Kwetu ukoo tunaufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada zake. Nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano mwaka 2021, korosho za mwaka ule zilikuwa zimeshaisha kulipia madeni. Shule ilikuwa ya bweni na mbali, ikataka ada, godoro, sanduku, sare na nauli. Mjomba aliuza pikipiki yake. Mpaka leo anatembelea baiskeli. Sasa mtu huyo anapokukabidhi karatasi na kukwambia, "Mama, sisi tumekusomesha, leo kazi yako ni moja tu, kutusomea hii," wewe utasema nini? Mimi sikusema kitu.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye kimbweta na wenzangu, tunajadili siasa kama kawaida yetu. Nikawa msemaji mkuu. Nilisema wananchi wetu ni waoga, wanapewa kofia na fulana basi wanasahau shida zao, hawawahoji viongozi. Mwenzetu mmoja, ambaye huwa haongei sana, akaniuliza, "Wewe hayo unaweza kumwambia baba yako mdogo au mjomba wako?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja, na ndilo ninalotaka tuliulize hapa: tunadaiwa nini hasa na watu waliotusomesha? Maana kudaiwa tunadaiwa. Hapo sina ubishi.

Najua wapo wenzangu wanaosema, "Mimi sikuomba kuzaliwa, mzazi kunisomesha ni wajibu wake." Siungani nao. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wenzake chakula. Akila akashiba asirudi, huyo ni msaliti. Mfano ule mimi unanigusa, kwa sababu kwetu haukuwa mfano. Chakula kilikuwa pikipiki. Na juu ya pikipiki kuna Bodi ya Mikopo, inayonipa shilingi 10,000 kwa siku za kula na kulala, na siku nitakapoajiriwa itakata asilimia 15 ya mshahara wangu mpaka deni liishe. Bumu likiingia, natoa 50,000 namtumia mdogo wangu aliye kidato cha pili. Wengi wetu tunafanya hivyo, tunakula ubwabwa na maharage wiki mbili za mwisho, na hatumwambii mtu. Silalamiki. Deni nalikubali.

Lakini turudi kwa yule mtu wa Mwalimu. Alitumwa akalete chakula. Hakutumwa akamsifu mzee wa kijiji. Tuseme amerudi na mzigo kichwani, akakuta ghala limetoboka na panya wanakula. Akisema, "Jamani, ghala linavuja," atakuwa amesaliti? Nadhani kunyamaza ndiko kungekuwa usaliti, kwa sababu chakula alichohangaikia kitaliwa na panya. Deni linalipwa kwa kazi, kwa fedha, kwa kuwasomesha wadogo zetu, kwa kuuguza wazee. Sioni ni wapi limeandikwa kwamba linalipwa kwa kunyamaza.

Historia ya vyuo vyetu ina somo juu ya hili, na nashangaa hatulizungumzi. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga utaratibu mpya wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambao ungewafanya wapokee sehemu tu ya mshahara. Nyerere alikasirika. Aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nikisoma habari ile, niko upande wa Mwalimu. Wale wenzetu walikuwa wamelikataa deni. Nchi ilikuwa na umri wa miaka mitano ya uhuru, wenye shahada walikuwa wachache mno, na wao wakaona miaka miwili ni mingi.

Ila Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena. Safari hii hawakuwa wanajitetea wao. Walikuwa wanapinga mawaziri na wabunge kujiongezea mishahara na marupurupu wakati mkulima anaambiwa afunge mkanda. Nao wakafukuzwa, mamia. Ndipo ninapopata shida. Waliolikataa deni walirudishwa nyumbani, na waliouliza kwa niaba ya wanaowadai nao wakarudishwa nyumbani. Adhabu ilikuwa moja kwa makosa mawili yasiyofanana hata kidogo, na moja kati ya hayo kwa maoni yangu halikuwa kosa. Hapo ndipo deni lilipochanganywa na utii, na mchanganyiko huo tunaunywa mpaka leo.

Angalia siasa zetu. Kiongozi akipanda jukwaani, sentensi yake ya kwanza ni "tumewaletea". Tumewaletea barabara, tumewaletea zahanati, tumewasomeshea watoto. Mimi ni mmoja wa hao watoto. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, nami nikaingia kidato cha kwanza 2017, kwa hiyo nilisoma miaka minne bila kulipa ada. Nashukuru, na sisemi kwa unafiki. Lakini hela ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sukari aliyonunua mama, kwenye vocha, kwenye mafuta ya taa, kwenye makato ya kila kilo ya korosho iliyopita ghalani. Mjomba hajawahi kusimama jukwaani akasema, "Nimewaletea serikali hela." Na hakuna waziri aliyewahi kuuza pikipiki yake ili mimi nisome.

Mnakumbuka msimu wa korosho wa 2018? Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likabeba. Bei ilikuwa nzuri, watu walishangilia. Kisha wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka jinsi wazee walivyolizungumzia jambo lile: kwa kunong'ona. Ukipaza sauti tu, mtu anakwambia, "Si ndio hao waliotuokoa na wanunuzi? Tuwe na shukrani." Yaani mtu anadai hela ya korosho yake mwenyewe, aliyoipalilia na kuiokota, anaambiwa hana shukrani. Shukrani ikigeuzwa hivyo inakuwa plasta ya kuzibia mdomo.

Tusiwacheke wazee, maana hapa chuoni ni yale yale. Kwenye uchaguzi wetu wa serikali ya wanafunzi, mgombea anakusaidia kufuatilia mkopo uliokwama, au anawanunulia chumba kizima chipsi, na wewe unampa kura kwa sababu "jamaa alinisaidia". Hukumuuliza hata swali moja kuhusu hela za chama. Mwaka mzima unanung'unika kitandani. Kumshukuru mtu aliyekusaidia ni jambo jema: mwambie asante, mnunulie soda. Kura ni kitu kingine. Unampigia mtu kwa ajili ya wote watakaoishi chini ya maamuzi yake, wakiwemo wasiomjua.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo naliona hili kwa jicho la darasani. Julai 2024, kabla ya ile risala, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nikiwa kidato cha tatu, kipindi cha Uraia, binti mmoja akanyoosha mkono. "Madam, kama elimu ni bila ada, mbona jana tumerudishwa nyumbani kufuata hela ya mtihani wa majaribio?" Swali zuri, kwenye somo lenyewe, siku yenyewe. Nyuma ya darasa alikaa mwalimu mwenyeji akinitazama. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mshukuru Mungu hata hapo unasoma. Kaa chini." Akakaa. Hakunyoosha mkono tena mpaka nilipoondoka.

Huku chuoni nimeandika zaidi ya insha moja kuhusu Elimu ya Kujitegemea, ile ya Machi 1967. Najua kwa kichwa kwamba ilitaka mwanafunzi mwenye akili ya kuuliza, anayeweza kujifunza kwa wengine na kukataa yasiyomfaa, anayejiona ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Nilipata alama nzuri. Na yule binti nilimfanyia kile ambacho miezi mitatu baadaye nilifanyiwa chini ya mwembe: nilitumia shukrani kumnyamazisha. Ndiyo maana nasema shule ya kwanza ya siasa ni nyumbani, ya pili ni darasani, na jukwaa la kampeni linakuja baadaye sana. Mtu anapofika miaka 18 na kuandikishwa kupiga kura, ameshafundishwa miaka 18 kwamba aliyekupa haulizwi.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema nimekuwa mzungu, kwamba Mwafrika hamhoji mkubwa. Watanitupia methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali naipenda, tena naomba isomwe vizuri. Inasema kusikia. Haikusema kuitikia kila kitu. Mjomba nimemsikia maisha yangu yote, na mengi aliyonionya yamenisaidia. Pia methali nyingine ya wazee hao hao inasema mficha uchi hazai. Kama wakubwa hawakuwa wanataka kuambiwa ukweli, methali hiyo walimtungia nani? Na kwenye vikao vya ukoo nilivyovishuhudia, mdogo huruhusiwa kusema. Kuna namna yake: unaomba nafasi, unakaa chini, unaanza kwa kuwasalimu, husemi mbele ya wageni. Heshima ni namna ya kusema, na mtu anayenyamaza kwa woga akaiita heshima anaionea tu heshima.

Jibu jingine ni zito zaidi, na sitalipuuza. Wapo kati yetu ambao wakisema neno moja nyumbani, nauli inakatwa, au mdogo wao anaacha shule. Kwa wasichana kuna la ziada: ukibisha tu, unaambiwa chuo kimekuharibu, na mwezi unaofuata unasikia kuna mtu ameleta posa. Simwambii mtu wa namna hiyo aende akapige kelele. Kila mtu anajua kina cha mto wa kwao. Ninachosema ni kwamba tusijidanganye. Kama umenyamaza kwa sababu unaogopa, jiambie umeogopa. Mimi nilijiambia nimeonyesha shukrani, na uongo huo ndio ulioniwezesha kukaa kwenye kimbweta nikawaita wananchi waoga.

Februari nilimpigia mjomba simu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari nisije nikayasahau.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Hujambo? Masomo yanakwendaje?"

Nilimshukuru kwanza. Nilimtajia pikipiki, jambo ambalo sikuwahi kulitaja kwa mdomo wangu. Halafu nikamwambia, "Mjomba, ile risala niliyosoma, vijana hawakunituma. Na fedha za gati watu wanaziuliza. Naomba uitishe mkutano uwasomee."

Akakaa kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimesomesha mtu wa kuja kunihukumu."

Nikasema, "Hapana mjomba. Umesomesha mtu wa kukwambia."

Akakata simu.

Ningependa kuwaambia kwamba baadaye alinipigia, tukacheka, gati likatengenezwa. Haikuwa hivyo. Uchaguzi alishinda, gati bado halitoi maji, na hajapokea simu yangu tangu siku ile. Mama alinipigia akilia, akaniambia niombe radhi. Niliomba radhi kwa kosa moja, kwamba maneno kama yale nilipaswa kumfuata nikaketi mbele yake, si kumrushia kwenye simu. Hilo nilikosea kweli, na nilimtumia ujumbe nikamwambia hivyo. Maneno yenyewe sijayafuta. Mama anasema kila wiki mjomba anamuuliza kama ninakula vizuri, ila anamwambia asinieleze kwamba ameuliza. Sijui kama atakuja kwenye mahafali yangu. Nikilifikiria hilo naumia, sitaki kusema uongo.

Upo pia uchaguzi mkuu, wa rais, wabunge na madiwani. Unapokuja, wengi wetu hupigiwa simu na nyumbani, au huambiwa tukiwa likizo, "Sisi kwenye ukoo wetu tunampigia fulani, maana alitusaidia." Ombi langu kwako, mwanachuo mwenzangu, ni dogo. Sikiliza. Shukuru panapostahili shukrani. Kisha uliza swali moja la kweli, hata kama ni moja tu, kwa adabu, ukiwa umekaa chini. Uliza huo msaada ulitoka mfukoni mwa nani. Na ukiwa peke yako na karatasi ya kura, kumbuka kwamba kura ni ya siri, na siri hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi ambao tunampenda mtu na bado hatukubaliani naye.

Mimi deni langu nitalipa. Nikiajiriwa, baada ya Bodi kukata asilimia zake, mshahara wa kwanza nitakaoweza kuuweka pembeni ni wa kuanzia pikipiki ya mjomba. Nitampelekea mwenyewe, nimsalimie, nikae chini. Akinipa risala nyingine nisome, nitaipokea kwa mikono miwili, niisome kwanza kimya kimya mpaka mwisho, halafu nimuulize vijana wako wapi, tukaiandike nao.

Na yule binti wa kidato cha tatu, kama kuna anayemfahamu, mwambieni swali lake lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni madam.